Jinsi ya kudai kutendewa sawa na kwa haki mbele ya sheria: maelezo ya msaidizi wa sheria wa Wete

Kabla hujaandika kwenye barua yako kwamba umebaguliwa, jibu maswali mawili. La kwanza: ni nani mwenye hali kama yako ambaye yeye alitendewa vyengine? La pili: kabla uamuzi haujatolewa, ni nani alikusikiliza? Mimi ni msaidizi wa sheria katika shehia moja (eneo dogo la utawala chini ya sheha) ya Wilaya ya Wete, Pemba, na malalamiko mengi ninayoyaona yakirudi mikono mitupu yamerudi kwa sababu mlalamikaji hakujibu hata moja kati ya hayo. Si kwamba hakudhulumiwa. Alidhulumiwa, lakini barua yake ina uchungu mtupu, na afisa anayeisoma hapati pa kushika.

Maswali haya sikuyatunga mimi. Yamo katika Kifungu cha 12 cha Katiba ya Zanzibar ya 1984, na yamo katika Ibara ya 13 ya Katiba ya Muungano ya 1977. Kifungu kinaanza kwa kusema watu wote ni sawa mbele ya sheria na wana haki ya kulindwa nayo bila ya ubaguzi. Mbele kidogo kinaeleza ubaguzi wenyewe: kuwatimizia watu haja na haki zao kwa kuangalia mambo kama kabila, pahala walipotokea, maoni yao ya kisiasa, rangi, dini au jinsia, hata wengine wakahesabiwa duni au wakawekewa vikwazo ambavyo wenzao hawakuwekewa. Kisha, ndani ya kifungu hicho hicho, kinataka mtu apewe fursa ya kusikilizwa kwa ukamilifu pale haki yake inapoamuliwa na mahkama au chombo chengine, na awe na haki ya kukata rufaa. Watu wengi wanaukariri mstari wa kwanza na kuishia hapo. Nguvu ya mlalamikaji imo kwenye hii mistari ya chini.

Tofauti inayokubalika na isiyokubalika

Sheria haisemi kila mtu atendewe vile vile. Kiziwi akiitwa mahkamani, akaambiwa kwamba hapa kila mtu anasikilizwa kwa mdomo, amenyimwa haki yake ijapokuwa utaratibu ni mmoja kwa wote. Anatakiwa apatiwe mkalimani wa lugha ya alama. Mzee asiyeweza kupanda ngazi, na afisi iko ghorofa ya pili, karani ashuke amhudumie chini. Mama aliyejifungua akipewa likizo ya uzazi hakupendelewa. Na asiyeona akinyimwa leseni ya gari hakubaguliwa, kwa sababu macho yanahusika moja kwa moja na kuendesha.

Kipimo ninachokitumia ni hiki: tofauti iliyofanywa ina sababu gani, na sababu hiyo inahusiana na jambo lenyewe au inahusiana na mtu alivyo? Mwanafunzi akikosa nafasi ya masomo kwa alama zake, jambo ni masomo na sababu ni masomo. Akikosa kwa sababu ya chama anachokipenda baba yake, hapo pana kesi. Mwananchi akinyimwa barua na sheha kwa kuwa si mkaazi wa shehia ile, sheha ana hoja. Akinyimwa kwa sababu alionekana kwenye mkutano wa upande fulani, sheha hana hoja hata kidogo, na maoni ya kisiasa yametajwa waziwazi katika Katiba. Kwetu Pemba jambo hili limewaumiza watu wengi, wa pande zote, na nataka lisemwe bila kuzungushwa.

Mfano ninaoutoa sana kwenye mafunzo ni wa bara, wa mila za Wahaya, wala si sheria yetu, lakini unafundisha vizuri. Holaria Pastory alirithi shamba kwa baba yake, akaliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Mpwa wake, Bernardo Ephrahim, akaenda mahkamani: mila inasema mwanamke hauzi ardhi ya ukoo. Mwanamme wa ukoo ule ule aliruhusiwa kuuza kwa masharti yake. Shauri lilipanda mpaka Mahkama Kuu, Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba mila hiyo inagongana na Katiba, na haki ya kuuza iwe moja kwa wote wawili. Angalia jinsi maswali yalivyo rahisi pale. Mwenye hali kama yake ni nani? Mwanamme wa ukoo. Ametendewa vipi? Anauza. Sababu ya tofauti? Jinsia tu, ambayo haihusiani kabisa na kujua bei ya shamba.

Kuna na upande mwengine unaowapita watu. Kanuni inaweza kuwa moja kwa wote na bado ikabagua. Sheria ya uchaguzi ya Muungano ilikuwa inamtaka anayepinga matokeo ya ubunge aweke dhamana ya shilingi 5,000,000 ndipo kesi yake ipangiwe kusikilizwa. Julius Ndyanabo aliipinga, na mwaka 2002 Mahkama ya Rufani ya Tanzania ikaitangaza kuwa kinyume na Katiba, kwa kuwa inamfungia mlango asiye na uwezo. Sheria ile haikuandika popote kwamba maskini asishitaki. Kiwango chenyewe ndicho kilichokuwa kikimfukuza. Kwa hiyo ukikutana na sharti la ada, la safari ya kwenda Unguja, au la fomu inayopatikana mtandaoni peke yake, uliza ni nani hasa anayeachwa nje na sharti hilo.

Nasi Zanzibar tulikuwa na sheria ya 1985 iliyomweka jela mwanamke asiye na mume akipata mimba. Ushahidi dhidi yake ulionekana kwa macho. Mwanamme aliweza kukana. Kifungo hicho kilikuja kuondoshwa mwaka 2005. Nawaambia wasichana wanaokuja kwangu kwamba sheria nayo huweza kudhulumu, na huweza kubadilishwa, na ile ilibadilishwa kwa sababu kuna watu walisimama wakasema.

Kuanzia kwenye risiti hadi kwenye barua

Mama mmoja muuza dagaa na pweza alinijia na bahasha ya kaki imejaa risiti. Upande mmoja wa soko lao ulifungwa ili uchimbwe mtaro, na wauzaji wote wa upande ule wakaondolewa. Kazi ilipomalizika, wanaume watatu wakarudishiwa meza zao. Yeye na mwanamke mwenzake wakaachwa. Akanambia, "Mwanangu, mimi nimebaguliwa, niandikie." Nikamwambia, "Mama, tuanze na risiti."

Tulizitandaza mkekani, moja baada ya moja. Malipo yake ya mwisho yalikuwa ya mwezi wa Juni. Baada ya hapo kulikuwa na deni la miezi miwili, ile miezi ambayo upande wao ulikuwa umefungwa. Deni hilo ndilo lililonitia wasiwasi, maana ndiyo sababu ya mwanzo ambayo afisi ingeitoa. Nikamwomba aende kwa wale wanaume, awaulize kwa uzuri kama wao wamelipa miezi ile. Wawili walikubali kutuonyesha risiti zao, na wakatuambia na yule wa tatu yuko hivyo hivyo. Zao pia ziliishia Juni. Tukazitoa nakala kwa ridhaa yao. Sasa tukawa na kitu cha kusema: wauzaji watano, upande mmoja wa soko, deni lile lile, watatu wamerudi na wawili hawakurudi, na tofauti inayoonekana baina yao ni moja.

Bado hatukuandika kwamba amebaguliwa. Tuliandika kuomba sababu, hivi:

"YAH: OMBI LA KUPATIWA SABABU ZA KUTORUDISHIWA MEZA YA BIASHARA. Mimi ni mfanyabiashara wa samaki katika soko hili. Niliondolewa kwenye meza yangu kupisha uchimbaji wa mtaro. Wafanyabiashara wengine watatu wa upande huo huo wamesharudishiwa meza zao. Mimi sijarudishiwa. Naomba nielezwe kwa maandishi sababu ya kutorudishiwa, na vigezo vilivyotumika kuamua nani arudi. Naomba pia nipewe nafasi ya kusikilizwa kabla ya meza yangu kupewa mtu mwengine. Naambatanisha nakala za risiti."

Ikaishia hapo. Hakuna lawama, hakuna kisa cha ugomvi wa mwaka juzi na karani. Kila sentensi inathibitika kwa karatasi au kwa shahidi. Barua fupi ya namna hii inamlazimisha afisa ajibu jambo moja, na asipojibu, kukaa kwake kimya kunaonekana.

Kabla ya barua ile, mama alikuwa ameshakwenda kuuliza kwa mdomo, na karani akamjibu kwamba wale wanaume wana familia za kulisha. Yeye ni mjane anayelea wajukuu. Jibu lile liliniuma sana, lakini ndilo lililokuwa ushahidi wetu mkubwa kwa sababu limeitaja jinsia kuwa ndiyo sababu. Nilimwandikisha palepale: nani alisema, wapi, saa ngapi, mbele ya nani. Jibu la maandishi lilipokuja lilikuwa jengine kabisa, kwamba meza zimepungua. Ukipewa sababu mbili zisizofanana, ziweke zote mbili kwenye malalamiko yako, moja chini ya mwenzake, wala usiongeze maoni.

Waliitwa, wakasikilizwa. Mwenzake alirudi pahala pake. Yeye akapewa meza ya ndani, karibu na ukuta, ambako wateja hawafiki. Mimi sikuridhika na hilo, na tukaandika tena kwa mkuu wa ngazi ya juu.

Mambo ya karatasi ni madogo lakini ndiyo yanayoamua. Peleka barua nakala mbili, na ile inayobaki kwako ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Karani akikataa kupiga muhuri, andika nyuma ya nakala yako jina lake, tarehe na saa, na aliyekuwa nawe atie saini. Usitoe risiti, hati wala cheti cha asili, toa nakala. Picha za simu ni nzuri, ila zihifadhi na pahala pengine, kwani simu huibiwa na huharibika. Na andika mapema: madai mengi ya kisheria yana muda wake, na ya kazi muda wake ni mfupi kuliko watu wanavyodhani.

Kusikilizwa ni haki inayosimama peke yake

Hapa huhitaji wa kulinganisha naye. Hata kama watu wote wametendewa vibaya vile vile, kila mmoja wao alikuwa na haki ya kusikilizwa kwanza. Kijana wa Konde alikuja akiwa na hakika kwamba ombi lake la mkopo limekataliwa kwa sababu yeye ni Mpemba. Tulipochunguza, fomu yake ilifika baada ya siku ya mwisho, na waliochelewa wengine, wa Unguja na wa Pemba, walikataliwa pia. Nilimwambia wazi kwamba hakubaguliwa, na hakufurahi. Lakini hakuwahi kupewa sababu yoyote, wala kuambiwa anaweza kukata rufaa wapi, na hilo tulilidai na likajibiwa.

Kusikilizwa kuna sehemu zake. Ujue unatuhumiwa nini, kwa maneno yanayoeleweka, kabla ya siku ya kikao. Upewe muda wa kujitayarisha. Usikie ushahidi uliotolewa dhidi yako na uweze kuujibu. Anayeamua asiwe na maslahi katika jambo lenyewe. Mwenye ugomvi na wewe wa mpaka wa shamba hawezi kukaa kuamua mpaka huo. Na mwisho upewe uamuzi pamoja na sababu zake. Kuitwa kwenye chumba ukasomewa uamuzi ulioandikwa jana yake, kisha ukaulizwa kama una la kusema, si kusikilizwa.

Mahkama ya Rufani, katika shauri la Mbeya-Rukwa Autoparts, ilisema kwamba haki ya kusikilizwa katika nchi hii si kanuni tu tuliyoipokea kutoka sheria za Kiingereza. Ni haki ya kikatiba, na ni sehemu ya usawa mbele ya sheria. Wazee wetu hawahitaji kuelezwa umuhimu wake. Wanazikumbuka mahkama za wananchi za miaka ya 1970, ambazo mshtakiwa hakuruhusiwa kuwa na wakili.

Kwenye kazi ndiko ninakoliona sana hili. Vijana wetu wanavuka kwenda kufanya kazi kwenye mahoteli ya Unguja, na wengine wanaachishwa kwa simu wakiwa huku likizoni. Sheria za kazi za Zanzibar za 2005 haziruhusu hivyo: lazima pawe na sababu ya haki, na utaratibu wa haki. Ukipigiwa simu ya namna hiyo usibishane. Jibu kwa ujumbe wa maandishi: "Nimepokea simu yako ya leo. Naomba barua yenye sababu." Kisha nenda Kamisheni ya Kazi, kwenye kitengo cha kushughulikia migogoro, bila kuchelewa.

Mirathi

Kila nikizungumza usawa, naulizwa habari ya binti na kaka yake. Mirathi ya Muislamu hapa Zanzibar inakwenda kwa sheria ya Kiislamu na mwenye mamlaka nayo ni Mahkama ya Kadhi. Fungu la mtoto wa kiume ni mara mbili ya la mtoto wa kike, na mimi sikai barazani kulijadili hilo. Ninachokiona vijijini ni kwamba binti hapati hata hilo fungu lake. Baba anafariki, anaacha mikarafuu, kaka wanachuma msimu hadi msimu, wanauza wenyewe, na dada analetewa doti la khanga siku ya sikukuu. Miaka inapita, mashamba hayajagawiwa, wajukuu wanazaliwa, na siku akidai anaambiwa anavunja udugu.

Dada yangu, kudai fungu ambalo Mwenyezi Mungu amekuwekea si kuvunja udugu. Pata cheti cha kifo. Andika orodha ya warithi wote, na orodha ya mali: shamba liko wapi, limepakana na nani, lina miti mingapi. Tafuta wazee wawili wanaoijua mipaka kabla hawajafariki nao. Nenda Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, au moja kwa moja Mahkama ya Kadhi, na uombe mirathi igawiwe. Omba pia yahesabiwe mavuno yaliyochumwa tangu baba alipofariki, maana hayo ndiyo yanayosahauliwa. Kama kaka yako anakwambia "tutakupa ya kula", mwambie kwa upole unataka kugawiwa, na umwambie mbele ya mtu.

Pa kupeleka malalamiko

Anza karibu: mkuu wa afisi iliyokutendea. Jambo la sheha lipeleke kwa Mkuu wa Wilaya. Kiwanja na shamba, Mahkama ya Ardhi. Ukiombwa chochote ili upewe haki yako, hilo ni la Mamlaka ya Kuzuia Rushwa na Uhujumu Uchumi, nalo usilichanganye na barua ya ubaguzi. Andika mbili mbali mbali. Mtumishi wa Serikali aliyevunja haki yako unaweza kumlalamikia Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo hailipishi, lakini haichunguzi jambo ambalo tayari liko mahkamani, kwa hiyo fikiri kabla ya kufungua kesi. Na kama sheria yenyewe au kitendo cha Serikali kinagongana na Katiba, pa kwenda ni Mahkama Kuu ya Zanzibar, na hapo usiende peke yako.

Wakili anaweza kupatikana bila ya pesa. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar na Jumuiya ya Wanasheria Wanawake, ZAFELA, wanasaidia wasio na uwezo, na tangu 2018 tunayo Sheria ya Msaada wa Kisheria. Sisi wasaidizi wa sheria tuko kwenye shehia, na kazi yetu hailipiwi. Ukija kwetu mara ya kwanza, njoo na kitambulisho, kila karatasi uliyonayo hata iliyochanika, majina ya watu waliokuwepo, na tarehe kwa mpangilio. Usipoikumbuka tarehe, kumbuka ilikuwa kabla au baada ya nini: mwezi wa Ramadhani, msimu wa karafuu, kufunguliwa kwa skuli. Tutaifikia. Akikudai malipo msaidizi wa sheria yeyote, usimpe. Chukua jina lake ulipeleke kwa waliomsajili.